Tairi Kipara la Msichana

Jumatatu asubuhi, mvua ikiwa imetulia kidogo, nilisimama kwa fundi wa baiskeli pale Rodi Kopany. Mbele yangu alikuwa baba mmoja aliyenunua tairi jipya la meno kwa baiskeli yake ya kubebea mahindi. Bintiye alisimama kando na baiskeli ya shule, sketi imeganda matope upande mmoja.

"Na hili la zamani nilitupe?" fundi akauliza, akipitisha kidole gumba juu ya tairi lililokwisha meno yote.

"Ulitupe, omera, ndugu yangu? Mfungie huyu. Lake limepasuka."

"Mzee, hili ni kipara. Ule mteremko wa udongo mweusi atauweza?"

"Meno ni ya kushika mzigo. Yeye amebeba nini? Vitabu!"

Watu wakacheka. Msichana akafunua kiganja kilichochubuka. "Baba, hata hilo lililopasuka lilitoka kwako. Ndilo liliniangusha Ijumaa."

"Nyathina, mwanangu, wewe endesha pole pole tu."

Fundi akalifunga. Msichana hakuipanda baiskeli. Aliisukuma kuelekea shuleni, ingawa alikuwa ameshachelewa.

Nimefundisha watoto miaka mingi na si mwepesi wa hasira, lakini siku hiyo nilikasirika. Kwetu huku tairi bora hupewa gunia, na mtoto hurithi lililochakaa, kana kwamba mtu mwepesi hatelezi. Mahindi yakimwagika matopeni, baba atayaokota, atayaosha na kuyaanika tena juani. Mtoto akianguka na kuvunjika, haoshwi na kuanikwa akawa mzima.