Nilivyokwenda Pugu Kumwomba Radhi Mama wa Mlangoni

Jumamosi ile nilipanda treni ya Pugu kwa sababu ya wizi. Nilikuwa nimeiba sauti ya mtu mzima na kuitia ngoma, na sasa redio ilikuwa inaitaka. Ujumbe wa mtangazaji ulinikuta dukani Kariakoo, ninakofanya kazi ya kubadili vioo vya simu za watu: "Mwaju, wimbo wako tunaupiga Jumatatu saa sita mchana. Ila nitumie kwanza ridhaa ya mwenye sauti. Bila ridhaa sipigi." Niliusoma mara tatu. Wimbo wangu wa kwanza redioni, na kati yangu na redio alikuwa amesimama bibi mmoja ambaye kila asubuhi hunigombeza.

Nieleze kwanza wizi wenyewe, msije mkanihukumu nusunusu. Ninakaa Gongo la Mboto, na siku zote za kazi napanda treni ya asubuhi kwenda mjini, nashukia Kamata. Humo ndani ndimo ninamotengenezea biti za singeli kwenye simu, nimesimama mlangoni kwa kuwa hapo ndipo penye upepo. Siku moja nilikuwa narekodi mlio wa magurudumu. Tulipofika Buguruni, bibi mwenye baibui na kapu la ukindu akatokea nyuma yetu akatumwagia: "Nipisheni nishuke. Mlango si baraza, mlango ni njia. Kama mmechoka mngelala kwenu. Nipisheni nishuke." Akaendelea na mengine mengi. Simu ikanasa yote.

Jioni niliposikiliza niliona kabisa kwamba yale hayakuwa matusi, yalikuwa kiitikio. Nikakata nilipotaka kukata, nikaongeza kasi kama singeli inavyotaka, nikatupia kwenye grupu la behewa letu. Wiki mbili hazikuisha, wimbo ukawa unapigwa kila kona ya Gongo la Mboto, na watoto wakaubunia uchezaji wake wa kuzibiana mlango, na mwenye sauti wakamwita mama wa mlangoni.

Bibi mwenyewe anaitwa Bi Shufaa. Ana duka la udi na viungo Buguruni, duka la ukoo wao wa Kiarabu tangu kwa babu yake, lakini anaishi Pugu, mwisho wa reli. Kawaida ningemsubiri treni ya Jumatatu asubuhi. Shida ni kwamba tangu Jumatano hakuonekana behewani, na mimi kwa hofu ya kukosa redio nina roho ya panya. Nikaamua nimfuate kwake.

Saa tisa alasiri niliomba ruhusa kazini, nikanunua haluwa, nikaenda kusubiri treni Kamata. Bosi aliniuliza nakwenda wapi na haluwa. Nikamwambia kuna mgonjwa. Sikujua kama nilikuwa nimesema kweli.

Saa kumi treni iliondoka. Jumamosi watu si wengi, nikapata kiti, jambo ambalo halijanitokea tangu mwaka uanze. Mbele yangu alikaa Side, kijana wa spika. Kila behewa lina mtu wake wa spika na la kwetu ni yeye: anaifunga kifuani kwa mkanda kama mama aliyebeba mtoto, na ndiye anayeamua tuamke na nini. Tulipita Buguruni, tukapita Vingunguti, tukapita Karakata. Tulipofika Gongo la Mboto miguu yangu ikataka kushuka yenyewe.

"Oya Mwaju, umepitiliza," Side aliniambia.

"Sijapitiliza. Nakwenda Pugu."

"Pugu unamwendea nani?"

"Bi Shufaa."

Akaitazama haluwa, akanitazama mimi. "Unampelekea Mwarabu haluwa? Sista, we una moyo. Mie nikimwona tu ningetokea dirishani."

Miaka miwili nimepanda treni hii na sijawahi kuona inapoishia. Nilidhani mwisho wa reli ni mahali pa maana sana, pengine kuna ukuta. Hakuna ukuta. Kuna kituo, kuna akina mama wanauza mihogo, na kuna ng'ombe waliokuwa wanatolewa mnadani, wametulia kabisa. Hewa ya Pugu ni ya baridi kidogo na mtu anaweza kusikia mawazo yake, jambo ambalo siku ile sikulihitaji. Side, ambaye naye ni mkazi wa huko, alinionyesha njia. "Pandisha hivi, usiulize mtu. Utasikia harufu ya udi, hapo hapo."

Kweli niliisikia kabla sijauona mlango. Nikapiga hodi, mkwe wake akanikaribisha ndani. Bi Shufaa alikuwa amekaa kitandani, mguu mmoja ameunyoosha juu ya mto, goti limevimba na kupakwa dawa ya kijani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Karibu, kaa." Akanikazia macho. "Wewe si yule mtoto wa mlangoni?"

"Ndiye mimi, bibi. Nimekuja kuomba radhi."

"Kula kwanza."

Nikatoa haluwa yangu. Aliifungua, akainusa, akamega kwa kidole. "Nani kakufundisha kupeleka mkaa kwa mchoma mkaa?" aliuliza, lakini akamega tena. Mkwe akaleta mkate wa kumimina na chai ya tangawizi. Nikala vipande vitatu kwa woga. Nilipofika cha nne nikaona bora niseme.

"Bibi, kuna wimbo..."

"Naujua. Mkwe wangu anaufulia nguo."

Mkwe akainamisha kichwa akatokomea jikoni.

"Kuimbwa si kitu," Bi Shufaa aliendelea. "Mie nimezaliwa pwani, nimeimbwa kwenye ngoma kabla mama yako hajaolewa. Vinavyoniudhi ni viwili. Kwanza, umenifanya panya. Ile sauti ni yangu mie? Inalia kama kitu kimebanwa na kabati. Pili, umenikata. Siku ile niliwaambia goti langu linaniuma, siwezi kusimama sana. Hilo umelitupa wapi?"

Nikatoa jibu la kweli. "Halikuingia kwenye biti, bibi."

"Halikuingia kwenye biti," akarudia taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. Niliona haya hadi masikio yakawa ya moto.

Nikamweleza habari ya redio na ridhaa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa sharti lake. Ridhaa atanipa, ila nirekodi upya, sauti yake mwenyewe, na goti liwemo. Nikafurahi, nikatoa simu hapo hapo nikaiweka juu ya mto. Akakohoa, akajiweka sawa, akasema: "Wanangu, tafadhalini, nipisheni nishuke."

"Bibi, kwa ukali. Kama siku ile."

Akajaribu tena. "Nipisheni, Mungu awabariki."

Tulijaribu mara sita na kila mara alizidi kuwa mpole. Mwishowe akacheka hadi akalishika goti. "Haiwezekani. Mtu amekaa kwangu, amekula mkate wangu, nimgombeze vipi? Mgeni hagombezwi. Labda tungoje Jumatatu. Siku hiyo lazima niwahi dukani hata kwa goti hili, kuna watu wa harusi wanakuja kuchukua udi wao saa moja na nusu, halafu wana safari ya Tanga. Wewe simama mlangoni kama ada yako, uwashe simu. Nitakusema kama unavyostahili. Na nikishashuka Buguruni, ridhaa unayo. Lakini usimwambie mtu, wakijua watanivuruga."

"Simwambii mtu, bibi."

Saa kumi na mbili kasoro treni ile ile ilinirudisha. Behewa lilikuwa na watu sita. Nilikaa dirishani na furaha iliyokosa pa kuwekwa, na furaha ikiwa hivyo mdomo huwasha. Kabla hatujafika Gongo la Mboto nilikuwa nimeandika kwenye grupu: "Jumatatu mama wa mlangoni anarekodi LAIVU. Behewa letu. Msiseme nimewaambia." Nilijua ninavunja ahadi. Nilijiambia ni watu wachache tu, wale wa kila siku.

Jumatatu asubuhi, Gongo la Mboto, behewa letu lilikuwa limejaa hata kabla sijapanda. Kulikuwa na sura ambazo sijawahi kuziona. Simu zilikuwa juu. Side alikuwa amesimama pembeni ya mlango na spika yake kifuani, akanikonyeza. Bi Shufaa alikuwa amekaa kiti chake cha dirishani na kapu mapajani, akaniangalia mara moja tu. Alijua. Niliangalia nje.

Tulipoipita Vingunguti aliinuka. Niliwasha simu. Alikuja akishika viti, kiti kimoja baada ya kingine, akasimama nyuma yangu akavuta pumzi. Na jamani, alikuwa mzuri. "Nipisheni nishuke. Mlango si baraza..." Sauti nzito, ya mtu aliyeamrisha wapagazi wa duka miaka arobaini. Nikasisimka mwili mzima. Lakini alipofika "mlango ni njia," behewa zima likamdaka. Wakaitikia, wakapiga makofi, Side akafungulia spika, sauti ya panya ikajaa kila mahali, na watu wakaanza kucheza ule uchezaji wa kuziba mlango.

Treni ilisimama Buguruni. "Nipisheni nishuke," alisema Bi Shufaa. Wakaitikia. "Jamani, nashuka kweli." Wakacheka wakaitikia tena. Waliokuwa mlangoni waliziba zaidi, maana ndivyo wimbo unavyochezwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeinua simu juu isizibwe na vichwa vya watu, naangalia kioo, nahakikisha inanasa. Treni ikaondoka.

Spika ikanyamaza kama sekunde tano baada ya Buguruni kubaki nyuma. Bi Shufaa alikuwa ameshika bomba la kujishikia kwa mikono miwili. Hakunigombeza, na nilitamani mno anigombeze.

Kamata tulishuka pamoja. Alikaa kwenye ukingo wa zege, akakandakanda goti. Nikaita bajaji, nikampandisha, nikaingia naye. Akamwelekeza dereva njia. Saa mbili na nusu tulifika dukani kwake. Jirani wa duka la vyombo akatuambia watu wa harusi walingoja, wakapiga mlango, wakaenda kununua kwingine. Bi Shufaa akafungua makufuli yake mawili, akaingia, akasimama nyuma ya kaunta mahali pake.

"Haya," aliniambia. "Nilisema nikishashuka Buguruni. Nimeshuka. Ridhaa unayo, mwambie huyo mtu wako."

"Bibi, mie ndiye niliyewaambia."

"Najua. Nenda kazini, umechelewa."

Nilisimama nje ya duka lile nikasikiliza rekodi. Mwanzo wake ni mzuri kuliko chochote nilichowahi kukinasa. Halafu kelele. Na chini ya kelele, pale treni inapoondoka, kuna sauti yake ndogo, hakuna aliyeisikia, hata mimi niliyekuwa nimesimama hatua moja tu kutoka kwake: "Basi. Goti langu." Nikamwandikia mtangazaji: "Mwenye sauti ameridhia. Mwenye wimbo bado." Akanijibu kwa alama ya kuuliza. Saa sita mchana redio ya jirani yetu wa Kariakoo ilipiga wimbo wa mtu mwingine.

Nilichojifunza katika safari hii kingetosha kiganjani: nilipitia mlango ule miaka miwili bila kujua kwamba kuna mtu anauogopa. Ningependa kusema kwamba behewa lote nalo lilijifunza. Alhamisi Bi Shufaa aliporudi, nilianza mapema, tukiwa bado Vingunguti. "Jamani, sogeeni, kuna mtu anashuka." Side akaitikia, "Mlango si baraza!" Wakaangua kicheko. Nikarudia kwa hasira, wakanipigia makofi. Nilikwisha kuyageuza ngoma maneno yote ya kuombea njia, na sasa sikuwa na hata moja lililobaki.

Kwa hiyo treni iliposimama Buguruni nilifanya kitu pekee kilichonijia. Nilimvua Side spika yake kifuani, nikaruka nayo chini, nikakimbia. Side akaruka nyuma yangu, na nyuma yake vijana wote wa mlangoni, wengine kumsaidia, wengine kuona tu. Mlango ukabaki mweupe, bila mtu. Bi Shufaa akashuka: mguu mmoja, kisha mwingine, taratibu, kapu mkononi. Treni ikapiga honi ikaondoka, ikatuacha sisi tisa tumesimama Buguruni bila usafiri, Side akinivuta kanga niliyojitanda.

Bi Shufaa akatufikia. Pale sikuwa mgeni wa mtu. Akatusema mwanzo hadi mwisho: mlango, baraza, kulala kwetu, spika, malezi ya mama zetu, na goti lake, goti alilitaja mara tatu. Hakuna aliyeitikia. Simu yangu ilikuwa mfukoni, na sikuitoa.