Jirani Anayesubiri Povu Litulie

Jirani yangu hapa Lemara kazi yake ni kuzisaidia kampuni za gesi zipime sawasawa gesi inayotoka visimani, na kuiripoti serikalini bila kuongeza wala kupunguza. Mimi shule yangu ndogo, lakini kazi hiyo naijua kwa magoti yake. Akinunua maziwa hupiga magoti mpaka jicho lilingane na kikombe, halafu husubiri. "Povu si maziwa, mama," humwambia muuzaji kwa upole, na walio nyuma yake wanaguna.

Juzi nilimsindikiza kuposa kwa akina Eunike, huko juu Meru. Kwao mposaji huwamiminia wazee pombe ya ndizi, nao humtazama mkono kwanza, ndipo wajibu. Basi akapiga magoti. Akamimina, akasubiri povu, akaongeza tone, na hakuna aliyeruhusiwa kunywa kabla vikombe vyote havijalingana. Eunike alichungulia mlangoni, akajifunika uso kwa kanga. Nikamfinya bwana harusi wangu. Akaninong'oneza, "Babu, cha baba mkwe bado kimepungua."

Mzee Sumari, baba wa binti, akameza mate. "Mwanangu," akasema, "mke tumekupa. Jagi lete hapa."