Siki na Klorini Nyumbani kwa Afande

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo mbili, brashi ya mpini mrefu, gunia kuukuu la kupigia deki, na dumu la klorini, ile dawa kali ya kung'arisha na kuua vijidudu. Msimamizi wa Usafi wa kambi yetu ya polisi hapa Kampala alinifundisha kipimo: kifuniko kimoja kwa ndoo moja ya maji. "Ocan," aliniambia, "afisa hatazami sakafu. Afisa ananusa." Nilikuwa nimetoka kaskazini, Kiswahili changu cha kuokoteza, nikadhani sikumwelewa. Kumbe nilimwelewa.

Baada ya miaka ya kufagia ofisi nilihamishiwa nyumbani kwa afisa mkubwa ambaye sote tulimwita Afande tu. Yeye alikuwa Mkristo wa West Nile. Mkewe, muuguzi tuliyemwita Mama Nesi, alikuwa Mwislamu wa Kibuli, kilima chenye msikiti mkubwa hapa Kampala. Waliishi na mama mzazi wa Mama Nesi, bibi mwembamba, mcheshi, ambaye nyumba nzima ilimwita Jaja, yaani bibi kwa Kiganda. Jaja alikuwa na pumu.

Afande alinipokea akiwa amesimama. "Wewe, mimi nataka kila chumba inuke dawa. Nikiingia bila hiyo harufu, najua hakuna kazi umefanya. Umesikia?"

"Ndiyo, afande."

Gari lake lilipotoka tu getini, Mama Nesi akaniita jikoni. Mezani palikuwa na chupa ya siki, magadi ya maandazi, ndimu, na kopo la jivu lililochekechwa.

"Klorini inamkaba mama yangu kifua," alisema. "Tumia hivi."

"Na Afande, nyabo?" niliuliza, nikimwita mama kwa heshima ya Kiganda.

"Afande niachie mimi."

Sikuwahi kumsikia akimwambia.

Ndivyo nilivyojifunza kazi yangu upya. Jivu na dodoki husugua sufuria mpaka uuone uso wako. Vioo hutaka siki nusu na maji nusu, kisha gazeti kavu. Magadi hunyunyizwa kwenye zulia, yakaachwa yanyonye uvundo, halafu yakafagiliwa. Choo kilichoshika ukoko wa chokaa humwagiwa siki, kikaachwa saa nzima, ndipo brashi ipite. Nyumba iling'aa, na Jaja akalala bila kukohoa. Ila haikunuka chochote, na hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuvurugika. Kila jioni nililowesha kitambaa kwa klorini, nikakiweka kwenye kopo nje ya mlango wa mbele. Afande alipita, akavuta pumzi, akaridhika. "Hii ndiyo kazi," alisema. Nami sikujua kama nasifiwa au najidhihaki mwenyewe.

Alasiri moja Mama Nesi akiwa zamu, Afande alipiga simu. Anakuja na wageni, tayari wamepita Kalerwe, hawako mbali. Bafu na choo, vilivyokuwa chumba kimoja, nilikuwa nimevimwagia siki nyingi, bado imetuama. Nilichukua dumu la klorini nikamimina juu ya siki ileile bila kupima, ili pawahi kunuka, nikakimbia kupanga viti. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Jaja akaingia kutawadha.

Nilisikia kikohozi, kisha birika likianguka. Nilipofungua mlango hewa ilinichoma macho na koo kama pilipili ya kukaanga. Jaja alikuwa amepiga magoti, mkono ukutani, midomo imebadilika rangi. Nilimbeba hadi barazani. Afande akafika wakati huohuo, akawaacha wageni wake wamesimama uani, akampeleka hospitali mwenyewe.

Walirudi wawili, yeye na mkewe, bila Jaja.

"Umetumia nini?" Afande aliuliza.

"Siki, afande."

Sikudanganya, wala sikusema yote. Klorini niliijua miaka mingi na haikuwahi kunitendea hivyo. Kitu kigeni kilikuwa siki. Lakini siki si tunaila kwenye kachumbari? Inamkabaje mtu?

"Siki! Nani amekuruhusu kuleta siki yako hapa?"

Nilimtazama Mama Nesi. Naye alinitazama, kisha akageukia dirisha.

"Ni mimi, afande," nikasema.

Akaimwaga siki yote mtaroni na kuamuru klorini tupu. Jaja alipotoka hospitali alikataa kurudi kwenye harufu ile, akahamia kwake Kibuli.

Afande alipopata uhamisho nami niliacha kambi. Nikaajiriwa na mhadhiri wa kemia aliyeishi Kyambogo, mwanamke mpole. Aliponipa siki nisafishie sinki, nikarudi nyuma.

"Siki ni sumu, mwalimu. Ilimwangusha bibi mmoja."

"Ilikuwa peke yake?"

"Na klorini juu yake."

Akaweka kikombe chini. "Mzee Ocan, siki ni asidi. Ukiikutanisha na klorini hutoka gesi ya sumu. Siki yenyewe ungeitumia mwaka mzima, isimdhuru mtu. Nani alikuambia uchanganye?"

Mmoja aliamuru hiki, mwingine kile. Kuchanganya nilichanganya mimi.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda Kibuli. Mama Nesi alikuwa amestaafu, akiishi nyumbani kwa mama yake. Alinitilia chai, akaniambia Jaja alifariki mwaka uliopita. Nilimweleza yote, mpaka kitambaa ndani ya kopo. Hakushangaa.

"Nilijua siku ileile," alisema. "Nilinusa nguo zake pale hospitali."

"Mbona ulinyamaza, nyabo?"

"Ningesema ni kuchanganya, Afande angeuliza nani alikupa siki. Nilimwogopa, nikakuacha ubebe wewe. Nisamehe."

Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha, sasa naombwa mimi. Sikujua niukubali au niurudishe. Nikauliza nililolijia.

"Kilichomuua Jaja, ni siku ile?"

"Sijui, Ocan. Daktari alisema ni pumu, na pumu alikuwa nayo kabla yako." Akazungusha kikombe chake. "Lakini baada ya siku ile hakuupanda tena mlima kwa miguu kwenda msikitini."

Sasa nimestaafu, napanga chumba nyuma ya soko. Jirani zangu ni wanawake waliokimbia vita mashariki mwa Kongo. Wengi wanasafisha nyumba za watu, nao huja kuniuliza namna ya kuifanya kazi hiyo. Nawaambia ninachokijua. Fungua madirisha kabla ya kushika brashi. Tumia kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukisuuze kabla ya kushika kingine. Na mabwana wawili wakikupa amri mbili, waite wasikilizane mbele yako, hata ukifukuzwa.

Juzi mmoja wao, Mama Neema, baada ya kusikia habari hii yote, aliuliza, "Sasa, Mzee, kosa lilikuwa la nani?"

Nilimwambia sijui. Hakuridhika. Hata mimi siridhiki.