Kiu ya Asteria

Asteria alikuwa mpepeta mchele kwenye mashine ya kukoboa huko Nyahanga, mjini Kahama. Kwa miaka mingi alimeza dawa za ugonjwa wa akili bila kumficha mtu. Mwaka huu alianza kusikia kiu isiyokatika. Alikunywa maji kutwa, akashinda chooni, akakonda. Kaka yake, Mwigulu, akaamua kwamba kichaa kimerudi, akataka kumpeleka kwa mganga.

"Kichwa changu kikichafuka nakijua," Asteria alimwambia. "Safari hii ni mwili."

Akaenda hospitali peke yake. Mhudumu alipoiona tu kadi yake ya dawa za akili, akamwelekeza kliniki ya akili. Asteria hakuinuka kwenye benchi.

"Nitakwenda nikishapimwa kama wenzangu."

Walipompima, sukari ilikuwa imepanda vibaya. Daktari alimweleza kwamba baadhi ya dawa za akili huweza kuipandisha, akambadilishia dawa, akamwanzishia za kisukari na kumlaza.

Mwigulu alipofika wodini, alianza kumjibia maswali ya muuguzi.

"Nyamaza, kaka," Asteria akasema taratibu. "Mgonjwa ni mimi, na mdomo ninao."