Mstari wa Chaki Kwenye Cherehani

Juzi, katika duka la cherehani Likoni, nilimkuta baharia akimfundisha mkewe kutunga uzi kwenye mashine waliyoinunua. Kesho yake meli ingemchukua, na mke angejikimu kwa kushona hadi arudi. Kila wakijaribu, uzi ulikatika.

"Unatoka juu, unazunguka hapa, unashuka, unapanda..."

"Pole pole, bwana! Ukishapanda meli nitamwuliza nani?"

Mume akaomba chaki. Akaichora njia nzima ya uzi kwenye ubavu mweusi wa mashine, mpaka sindanoni. Mke akaifuata kwa kidole, akasita katikati, akacheka.

"Wallahi, umekiruka hiki kichuma kinachopanda na kushuka! Ndiyo maana unakatika."

Mume akausahihisha mstari. Mke akatunga uzi mwenyewe, akashona, usikatike.

Maneno yalikuwa yamepita, na kosa limepita nayo. Mchoro ulitulia, ukamfichua hata mwalimu.

Mwenye duka akaja na kitambaa apanguse. Mke akaufunika mstari kwa kiganja.

"Usifute, ami. Huu nitakaa nao mpaka arudi."