Kassim, waya zote nimebadilisha

Naandika hapa na akili bado imegoma. Kassim wetu hayupo. Kassim wa ofisini Kinondoni, fundi wa mitandao na kamera, aliyekaa meza ya pembeni yangu miaka yote. Jumatatu kalalamika kichwa kinamuuma, Ijumaa tumemzika Chamazi. Jamani!

Mbishi huyo! Ofisi nzima tunatumia Windows, yeye na Linux yake. Ukimwambia, "Braza, si uhame tu," anakuangalia kama umemtukania mama yake.

Akiniona nimenuna: "Sista, nani kakuudhi? Niende nikamzimie intaneti?" Na kweli angeenda.

Mteja akija analia diski imekufa, picha za harusi zote zimo humo, Kassim anamwambia, "Hulii mpaka tubadilishe waya." Na mara nyingi ilikuwa waya kweli. Mtu anaondoka anacheka na kamasi puani.

Pale msibani Temeke mama yake, Bi Mwanahawa, alinishika mkono. "Neema mwanangu, mie picha za nini, macho yenyewe haya presha imeshayamaliza. Nataka nimsikie. Alisema kanirekodia kaswida."

Hiyo kaswida naijua mpaka mie Mlutheri wa Moshi. Alikuwa anarekodi ofisini sie tukienda kula, feni kazima, jasho linamtiririka. Mama akiulizia, jibu lile lile: "Bado naisafisha, mama, kelele za bodaboda zimeingia."

Imo kwenye diski yake ya nje, ile nyeusi. Humo tu. Simuni hakuna kitu, maana Kassim hakuwaga mtu wa voice note. Unamwandikia maelezo marefu, anakujibu "ok". Nimepitia chat yetu yote nikitafuta sauti yake. Ok. Ok. Ok.

Basi tukakaa sebuleni kwa Bi Mwanahawa, mie na Dickson wa ofisini, na laptop ya marehemu. Nachomeka diski. Kimya. Naandika lsblk, ile amri ya Linux ya kuonyesha diski zilizopo. Inaonyesha ya ndani tu.

"Imeiona?" Dickson anauliza.

"Haijaiona."

Nabadilisha waya. "Imeiona?" "Haijaiona." Tundu jingine, waya mwingine, laptop yangu. Haijaiona.

Bi Mwanahawa alikuwa mkekani, anatusikiliza muda wote. Akauliza taratibu, "Bado haijamwona?"

Haijamwona! Sie tunasema diski, yeye anasema mwanawe. Dickson akatoka nje. Mie nikajibu, "Bado, mama."

Tukaitoa kwenye kava lake, tukaiunga moja kwa moja na kompyuta kubwa ya ofisini. Inagonga tik, tik, tik, halafu inanyamaza. Nikaipeleka mjini kwa fundi wa kuokoa data. Jana kanirudishia. "Sista, hii imekwanguka ndani. Hakuna cha kuokoa." Hata pole hakunipa.

Nina hasira na wewe, Kassim. Kila meeting ulikuwa unatufokea tuweke nakala, "Backup! Backup!" Yako mwenyewe iko wapi? Ungempelekea mama ilivyo, na bodaboda zake humo humo! Nani alikwambia mama anataka sauti safi? Alikuwa anakutaka wewe.

Leo asubuhi nimeenda Temeke kumwambia. Njia nzima napanga maneno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Imemwona?"

Nikamwambia, "Haitamwona tena, mama."

Akanyoosha mikono, "Basi nipe mwenyewe." Nikampa diski. Akaipapasa kona zake, akaifunga kwenye kanga, akaipakata. Akaniuliza kama nimekunywa chai.

Jamani mnaosoma hapa, sina la kuwafundisha. Sina kabisa. Nimeandika kwa sababu sijui niweke wapi hiki kitu.

Kaka yangu, nimebadilisha waya. Za kwako, zangu, za Dickson, za fundi wa mjini. Waya zote nimebadilisha, Kassim. Sasa niache nilie.

Lala, mbishi wangu. Lala salama.