Kigoda cha Alhamisi

Wifi yangu ni fundi cherehani, na kwa ubishi hana mpinzani. Kaka yangu alimuoa akijua, kwa hiyo mimi silalamiki, nasimulia tu. Meza yangu ya vifungo na nyuzi iko mlangoni pake, kila kitu nakiona.

Zahanati ilipotafuta watu wa mtaani wa kuwasikiliza vijana waliolemewa na mawazo, yeye akajitolea. Maswali hawaulizi. Anawapa nguo ya kufumua na sindano nene. Wembe hawapi, na sababu anaijua. Kwa sindano, mshono mmoja unakula saa nzima, na mikono ikishughulika mdomo nao hufunguka.

Binti wa muuza mkaa alikuwa akija Alhamisi. Alikuwa halali wala hali, na siku moja alimwambia wifi kwamba anatamani alale asiamke. Wifi akampeleka kwa nesi saa ileile. Akaanza dawa, na akaendelea kuja kwenye kigoda chake. Nasema kweli, wifi alimpenda mtoto yule kuliko anavyotupenda sisi.

Kisha akakosa Alhamisi mbili. Utaratibu wa zahanati ni kwamba ukikosa mara mbili, unafuatwa nyumbani. Wifi akatoka mbio, roho juu, amevaa kizibao kipya cha kazi, mgongoni kimetariziwa maandishi makubwa: AFYA YA AKILI KWA VIJANA. Kumbe binti alikuwa na mafua tu. Lakini uchochoro mzima ulishasoma. Kesho yake bombani wakamwita binti kichaa. Akatuma neno kwamba wifi asikanyage tena kwao.

Wiki sita kigoda kilitolewa nje kila Alhamisi, na sketi ambayo binti aliifumua nusu ikaning'inia msumarini. Mteja akitaka kukikalia, anafukuzwa. Nilimwambia aache kujitesa. Akanitazama, macho mekundu.

"Nilikwenda kumjulia hali tu, wifi. Nikaenda na kibao mgongoni."

Siku hiyo aliketi akafumua yale maandishi, herufi moja moja, kwa sindano, na wembe uko mbele yake. Nikamkumbusha kwamba nesi atafoka. Akasema potelea mbali.

Mama muuza mkaa alipopita, wifi akampa ile sketi ampelekee binti yake, sindano imechomekwa kwenye pindo. Ujumbe hakutuma. Mimi nikajisemea, haya, na sketi ya watu ndiyo imekwenda hivyo.

Wiki iliyofuata mama yule alirudi. Sketi ilikuwa vipande vinne, vimekunjwa vizuri, kitambaa hakina hata tundu, nyuzi zimeviringwa kwenye kipande cha karatasi. Wifi akauliza kama anakula. Anakula kidogo, na dawa anameza.

"Amesema amemaliza," mama akasema. "Anataka nyingine."

Wifi akapekua kapu, akapekua kabati. Hakukuwa na nguo ya kufumua siku hiyo. Akashusha gauni lake la buluu, lile alilojishonea kuolewa na kaka yangu, halina mshono hata mmoja ulioharibika. Nikamshika mkono, hasira zimenipanda. Wazimu gani huu, gauni zima?

"Nitalishona tena," akasema, akachomeka sindano. "Mwambie asiharakishe."

Kigoda bado kiko nje. Leo ni Alhamisi, miguu inaniuma, na sikikalii.